Vitu Visivyopasha Maji Moto

Katoni ya hita mpya ikifunguliwa, macho hukimbilia tangi. Ni jeupe, linang'aa, lina taa ndogo nyekundu na kidude cha kuzungusha, na ubavuni yameandikwa kwa tarakimu nene mambo mawili ambayo mnunuzi alikuja dukani kuyauliza: lita ngapi, wati ngapi. Tangi likishatolewa, chini ya katoni hubaki mfuko mdogo wa nailoni ambao hakuna aliyeuulizia. Ndani yake mna valvu ya shaba inayoenea kiganjani, ina kishikizo chembamba cha plastiki, tundu dogo upande mmoja, na mshale uliochongwa kuonyesha maji yaelekee wapi. Haina taa. Haitaongeza hata nusu nyuzi ya joto kwenye maji ya mwenye nyumba. Kuna mafundi wanaoifunga kwa uangalifu, na kuna nyumba ambako mfuko ule hutupwa pamoja na katoni kwa kuwa bomba limeunganika vizuri bila hiyo. Dai langu ni kwamba sehemu zenye thamani kubwa kuliko zote katika hita ya nyumbani ni hizi zisizopasha maji moto hata kidogo, na kwamba namna tunavyozipita siku ya kubadilisha hita inafichua namna tunavyopima kazi, na hata watu.

Wahenga walisema maji ya moto hayachomi nyumba. Walikuwa wakizungumzia ukali wa maneno, kwamba hasira hupoa na nyumba ikabaki imesimama, lakini methali hudumu kwa sababu hata maana yake ya nje ni kweli, na kwa maji ya sufuria hii ni kweli tupu. Maji yaliyo wazi hewani yana adabu yake: jijini Nairobi, kwa kuwa mji uko juu sana ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kisha hukataa kupanda zaidi hata ukichochea moto namna gani. Joto la ziada huondoka na mvuke. Yafungie maji hayohayo ndani ya chuma na adabu hiyo hutoweka. Katika tangi lenye presha ya baa 6, maji hayachemki hata yakipita nyuzi 160. Hukaa kimya, yamejaa nguvu iliyokosa pa kwenda. Kidhibiti joto kikiganda na koili ikaendelea kuwaka, kisha chuma kikapasuka, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke mara moja, na lita moja ya maji ikiwa mvuke hutaka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Hapo ukuta huanguka, na bati la paa huenda kutafutwa kwa jirani. Kwa hiyo hatari haikuwa joto peke yake. Ilikuwa joto lililofungiwa, na tofauti kati ya sufuria ya jikoni na bomu la bafuni ni ile valvu iliyokuwa kwenye mfuko wa nailoni.

Hata siku ambazo hakuna kilichoharibika, valvu ile ina kazi. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 hutanuka kwa asilimia moja na nusu hivi, yaani tangi la lita 50 hupata robo tatu ya lita ambayo haina mahali pa kukaa. Kwa kuwa valvu hiyohiyo huyazuia maji moto yasirudi nyuma kwenye bomba la maji baridi, ziada hiyo hutoka tone kwa tone katika tundu lake dogo, asubuhi hita inapowashwa na tena jioni. Na hapa ndipo mtu na mlinzi wake hukosana. Mwenye nyumba huona sakafu imelowa, huita fundi, na hulalamika kwamba hita mpya inavuja. Fundi mzuri humweleza, humfungia mrija mwembamba wa kupeleka matone kwenye shimo la maji machafu, na shauri huisha. Fundi mwenye haraka, au anayeogopa kuonekana hajui kazi, huziba tundu. Sakafu hukauka, mteja hufurahi, malipo hutolewa. Kwa macho ya kila aliyekuwapo, hita imetengenezwa. Kilichofanyika ni kuirudisha hita kuwa chombo kilichofungwa pande zote, na hakuna kipimo nyumbani mle kitakachoonyesha tofauti mpaka siku kidhibiti joto kigande.

Katika miji yetu, hata hivyo, wengi hawana tangi. Wana shawa ya umeme, kile kichwa cha plastiki kinachopasha maji yanapopita, kilichobuniwa Brazili na kuenea kwenye nyumba za kupanga za Nairobi kwa sababu ni cha bei nafuu na hakihitaji nafasi. Ukienda dukani, muuzaji huuliza kwanza swali linaloonekana kuwa la mpishi: maji yenu ni ya chumvi au ya kawaida? Swali hilo lina uzito. Katika shawa nyingi za aina hii waya unaopata moto huogelea uchi ndani ya maji yenyewe, na maji ya kisima, yenye madini mengi, hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya mfereji. Shawa ya maji ya chumvi ina koili iliyovikwa ganda la chuma. Anayenunua isiyofaa ataoga vizuri, maji yatakuwa moto vilevile, na huenda akahisi tu mwasho mdogo wa vidole anapogusa koki. Kisha kuna nyaya tatu zinazotoka kwenye kichwa kile: wa moto, wa kurudishia, na wa ethi. Mbili za kwanza zisipofungwa, maji hubaki baridi, na fundi hataondoka hadi zifungwe. Wa tatu usipofungwa, hakuna kinachobadilika. Ndiyo maana mara nyingi utaukuta umekatwa mfupi, umekunjwa nyuma ya kichwa cha shawa na kuzungushiwa utepe mweusi, kana kwamba kiwanda kilikosea kuuweka.

Watu husema breka ipo, itakata. Tuihesabu breka hiyo. Shawa ya wati 5,500 kwenye umeme wa volti 240 hula karibu ampea 23, kwa hiyo breka yake huwa ya ampea 32, na waya wake unapaswa kuwa wa milimita 4 au 6 za mraba. Fundi akiunganisha shawa hiyo na waya wa taa wa milimita 1.5, waya ndio utakaopata moto kabla ya maji. Breka imewekwa kuukinga waya, si kumkinga mtu. Mtu aliyelowa hahitaji ampea 32 ili moyo wake upoteze mwendo, ampea 0.03 hivi zinatosha kumweka hatarini. Mara elfu moja zaidi ya kiasi hicho zingepaswa kupita ndipo breka ianze kushtuka. Kinachomlinda mtu ni kifaa kingine, ambacho mafundi hukiita RCD. Hicho hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 hukata katika sehemu ndogo ya sekunde. Kina kitufe kidogo cha majaribio ambacho kinapaswa kubonyezwa mara kwa mara ili kuona kama bado kiko hai, na katika nyumba nyingi zenye kifaa hicho kitufe bado kina ung'avu wa siku kilipotoka kiwandani.

Mlinzi wa tatu hakai ukutani wala kwenye mfuko. Yumo ndani ya tangi, gizani, na kazi yake ni kuliwa. Tangi la chuma hupakwa ndani koti gumu linalofanana na kioo, lakini koti hilo huwa na vitundu na nyufa ndogo mno, na maji moto hayakawii kuzigundua. Kwa hiyo huwekwa fimbo ya magnesiamu, madini yanayokubali kuliwa upesi kuliko chuma, na kutu huigeukia fimbo na kuliacha tangi. Baada ya miaka miwili au mitatu, kutegemea maji, tangi linapaswa kumwagwa maji, nati zifunguliwe, fimbo itazamwe na mpira wa kuzibia ubadilishwe. Iliyokwisha haifanani tena na fimbo: hubaki waya mwembamba wa katikati uliogandwa na makombo meupe yanayopukutika ukiyagusa. Wengi hawaijui fimbo hiyo mpaka siku hita inapoanza kutoa maji ya rangi ya chai, na siku hiyo huwa imechelewa kwa miaka. Hita hushushwa, hupakiwa kwenye mkokoteni wa vyuma chakavu, mpya hununuliwa, na lawama huangukia kampuni kwamba siku hizi vitu ni dhaifu.

Elimu ya fimbo hiyo ina umri wa karne mbili. Mwaka 1824 mkemia Mwingereza Humphry Davy aliieleza Royal Society ya London kwamba mabati ya shaba yaliyofunika matumbo ya meli za kivita yangeweza kukingwa na maji ya chumvi kwa kuyaunganisha na vipande vidogo vya zinki au chuma. Jaribio lilifaulu, shaba ikaacha kuliwa. Ndipo likazuka jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: shaba inayoyeyuka polepole ndiyo ilikuwa sumu iliyowafukuza wadudu na magugu ya baharini. Iliponusurika, meli zikafunikwa na uchafu, zikawa nzito, na jeshi la majini likaachana na mbinu hiyo. Kisa hiki kinanisaidia nisiseme uongo kuhusu walinzi. Ulinzi haupatikani bure, na wakati mwingine gharama yake hujitokeza upande usiotazamwa. Lakini maarifa hayakutupwa, yalihamia kwenye chuma, ambacho hakina sumu ya kupoteza. Leo meli za chuma hubeba vipande vya zinki au alumini tumboni, na wenye meli hawangoji chombo kitoboke ndipo wavibadilishe. Bandarini inafahamika kwamba kipande kilicholiwa ni kipande kilichofanya kazi. Bafuni, kilicholiwa huitwa kibovu.

Ukizitazama pamoja valvu, ethi na fimbo, utaona zina tabia moja. Kila moja ni mahali palipochaguliwa mapema pa kushindwa. Presha ikizidi, valvu ndiyo itakayosalimu amri, ili tangi lisisalimu. Umeme ukitoroka, ethi ndiyo itakayokuwa njia yake, ili mwili wa mtu usiwe njia. Kutu ikija na njaa, fimbo ndiyo itakayokuwa chakula. Aliyeviunda vyombo hivi alikubali kwanza kwamba kidhibiti kitaganda siku moja, kwamba ganda la koili litapasuka, kwamba koti la tangi lina nyufa, kisha akauliza: kitakapoharibika, kiharibikie wapi? Hekima yetu inayojulikana zaidi juu ya matengenezo inasema usipoziba ufa utajenga ukuta, nayo ni hekima kubwa, ila inachukulia kwamba ufa utaonekana. Hita inatudai jambo gumu zaidi: kushughulikia ufa ambao macho hayauoni, sikio haliusikii, na maji ya kuoga yanaukana kila asubuhi kwa kuwa moto kama kawaida.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapoingia, nalo lina nguvu ya maisha ya watu wengi. Mtu atasema: nyumba hii haijawahi kuwa na ethi, tumeoga humu miaka yote, watoto wamekulia humu, na hakuna kilichotokea. Simtuhumu kwa kusema uongo. Namwuliza tu ushuhuda wake unathibitisha nini. Shawa yenye ethi na isiyo na ethi hutoa maji ya joto lilelile kwa muda wote ambao koili ni nzima, kwa hiyo miaka ya kuoga salama inathibitisha uzima wa koili. Kuhusu ethi haijasema neno, kwa sababu ethi haijaulizwa swali. Siku za mwizi ni arobaini, na mwizi huyu hahesabiwi siku na mtu yeyote. Wengine huchukua njia ya pili na kusema ajali haina kinga. Maneno hayo yana mahali pake msibani, ambako kumsaka mkosaji hakumfufui aliyekwenda. Yakisemwa kabla, dukani au mbele ya fundi, hugeuka kuwa kibali. Ziko ajali zisizo na kinga. Hii inayo kinga iliyokunjwa nyuma ya kichwa cha shawa, imezungushiwa utepe.

Pingamizi la pili ni la mfuko, na silipuuzi. Hita yenyewe ni mzigo. Ukiongeza waya mnene, RCD, mrija wa matone na siku ya pili ya fundi, bei hupanda kwa vitu ambavyo havitaongeza raha yoyote. Zaidi ya hayo, katika nyumba za kupanga anayenunua ni mwenye nyumba na anayeoga ni mpangaji. Mmoja anaona gharama bila hatari, mwingine anabeba hatari bila mamlaka ya kufungua hata ukuta. Pingamizi hili ni la kweli, lakini linaunga mkono dai langu badala ya kulivunja. Linaonyesha kwamba uzembe wa fundi mara nyingi ni bei iliyokwisha kukatwa kabla hajafika. Anayepewa kazi kwa sababu alitaja kiasi kidogo kuliko wenzake atapunguza wapi? Hawezi kupunguza kwenye koili, kwa kuwa maji yatakuwa baridi na atafukuzwa. Atapunguza mahali ambapo upungufu hauonekani. Kenya ina EPRA na Tanzania ina EWURA, taasisi zinazotoa leseni kwa mafundi umeme, na leseni ni jambo jema, ila leseni haiingii bafuni kila fundi anapoingia. Kinachoingia naye ni makubaliano ya bei. Na kuhusu fimbo, hesabu huigeukia hoja ya mfuko yenyewe: mwenye tangi anayekataa kulipia kipande kidogo cha magnesiamu hununua tangi zima kabla ya wakati wake. Rahisi ni ghali, na hapa ughali wake hufichwa na jina la bahati mbaya.

Pingamizi la tatu husema haya yote ni matatizo ya vyombo vya jana, kwamba jua litatuondolea. Kanuni za Kenya za mwaka 2012 zilitaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yafungwe mitambo ya jua, na hoja ya kuhifadhi umeme ilikuwa nzuri. Lakini jua halina swichi. Familia ikisafiri na maji yakakosa mtumiaji, tangi la paani huendelea kupokea joto siku baada ya siku, na linaihitaji valvu yake kuliko tangi la umeme. Fimbo nayo imo mlemle. Hata kupunguza moto, ambako huonekana kuwa salama na njia ya kubana matumizi, kuna masharti yake: maji yaliyokaa tangini yakiwa vuguvugu ni shamba la bakteria wa aina ile iliyotambuliwa baada ya wanajeshi wa zamani wa Marekani kuugua mjini Philadelphia mwaka 1976, na nyuzi 60 zinazowaua hao huunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache. Jibu ni kuhifadhi maji yakiwa moto sana na kuyachanganya na baridi kabla hayajafika kwenye shawa, kwa valvu nyingine tena isiyopasha chochote. Chombo kikiboreshwa, hatari huhama chumba, na mlinzi hulazimika kuhama nayo.

Ndiyo maana nasema suala hili limezidi bafu. Jamii ina maneno mengi ya kumshukuru anayeleta: aliyechimba kisima, aliyeleta umeme, aliyezaa, aliyevuna. Kwa anayezuia tuna maneno machache, kwa sababu kazi yake ikifaulu huwa haina tukio la kusimulia. Nani humpigia makofi mkunga aliyemtuma mama hospitali saa sita kabla ya hatari, au mhasibu aliyekataa kutia sahihi, au mkaguzi aliyerudisha basi karakana na kuwachelewesha abiria waliomtukana njia nzima? Watu hawa ni valvu na ethi na fimbo za nchi. Huonekana siku wanapovujisha tone, na siku hiyo huitwa kero na huzibwa. Kuwathamini kunadai nidhamu ambayo macho hayawezi kuifundisha: kulipa kwa kujua, bila kungoja kuona. Nidhamu hiyo inaweza kujengwa kwa mambo madogo yasiyo na ushairi: tarehe ya kufungwa kwa hita iandikwe kwa kalamu ya wino ubavuni mwa tangi, kitufe cha majaribio kibonyezwe kila mwezi, fimbo iwekewe mwaka wake wa kutazamwa, na katika karatasi ya makadirio ya fundi ethi iwe na mstari wake na bei yake, isimezwe ndani ya neno "ufundi" ambako hukatwa kwanza. Anayeomba malipo ya saa nzima kwa kazi ya kupima ethi na kujaribu valvu, huku maji yakiwa yameshapata moto na mteja ameridhika, hajamwibia mtu. Anauza kitu pekee katika bafu lile ambacho hakinunuliki baada ya kuhitajika.